Mtani wa Mzee Bashiri

Mimi ni Mngoni, na mzee Bashiri alikuwa Mmwera. Kwa watu wa huku kusini maelezo hayo yanatosha. Kwa wengine niseme tu kwamba Mngoni na Mmwera ni watani tangu vita vya mababu. Naweza kumwita mwizi mbele ya wakwe zake na asikasirike, naye anaweza kuniambia nina sura ya kutisha watoto, nikacheka. Kukasirika ni aibu. Ukitukanwa unajibu kwa neno kali zaidi, na anayeishiwa maneno ndiye aliyeshindwa.

Nimehudumia wazee miaka sita hapa Nachingwea, kwenye makao madogo pembeni mwa mji, upande wa barabara ya Ruangwa. Tulikuwa na wazee kumi na wanne, wahudumu watatu, mpishi mmoja, na meneja wetu Adinani. Watu hawatupendi. Wakipita nje wanasema hapo ndipo watu wanapotupa wazazi wao. Zamani nilikuwa nawajibu. Siku hizi nawaangalia tu. Waje wao wamgeuze mtu mzima kitandani mara nne kwa siku, wamlishe uji kijiko kwa kijiko, ndipo tuzungumze.

Mzee Bashiri aliletwa na binti yake, Sikuzani, mjane anayelima ufuta Mbwemkuru. Siku moja alirudi shamba akamkuta baba yake ameunguza mguu kwenye mafiga, maana macho yalishapunguza kuona, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki naye. Siku anamleta alikaa kwenye benchi letu asubuhi nzima, hataki kuondoka, hataki kunywa chai. Mwisho akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikamwambia naitwa Scholastika, Mngoni wa Peramiho. Yule mama akacheka huku machozi yanamtoka.

"Basi sijamtupa baba yangu," akasema. "Nimemwachia mtani."

Maneno hayo sijaweza kuyasahau, na Mungu anajua nimejaribu.

Miaka miwili nilikuwa naingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, na kabla sijafungua dirisha mzee anaanza. Aliniita Nngoni, kama wazee wengi wa huku wanavyotamka.

"Nngoni, leo nakufa mie."

"Harakisha basi. Nimeshachagua nguo ya matanga, inakaa kabatini tu inaliwa na mende."

"Nikifa utakula nini? Si unaishi kwa uji wangu wewe."

"Nitakula korosho zako, mzee mchoyo."

Bibi Klementina, Mmakua wa chumba cha pili, alikuwa anatuita wendawazimu, lakini ukuta wetu ni mwembamba na nilikuwa namsikia akicheka. Siku moja, mwaka wa kwanza, mzee alijifunika shuka gubigubi akabana pumzi. Nilimtikisa mara mbili, nikatoka mbio napiga mayowe hadi jikoni. Tuliporudi na mpishi tulimkuta amekaa kitandani, anacheka mpaka anakohoa. Nilichekwa wiki nzima. Nikaapa kwamba Mmwera huyu hatanipata tena.

Mwezi wa sita ikaja barua kwamba wakaguzi wanakuja Jumatano kuangalia kama makao yanatimiza viwango. Viwango vyenyewe tulikuwa navyo kwenye jalada tangu mwaka uliopita, vinaingia vumbi. Bafuni pawe na vishikizo vya chuma ukutani. Sakafu isiteleze. Na kuwe na daftari la matukio: mzee yeyote akianguka, au akisema tu kwamba ameanguka, iandikwe saa na mahali, kisha apelekwe hospitali hata kama mwenyewe anasema yuko salama. Mama mmoja alikuja kutufundisha kipengele hicho, akakisoma mara mbili. Nakumbuka niliona anatupotezea muda.

Daftari tulikuwa nalo, safi kabisa, kwa sababu hatukuwahi kuandika kitu. Vishikizo hatukuwa navyo. Adinani si mtu mbaya, nitalisema hilo mpaka nife, ila ni mtu wa kesho. Alimleta fundi Twaha Jumanne mchana, siku moja kabla ya ukaguzi. Twaha akatoboa ukuta, akapachika vyuma, akajaza saruji, akasema, "Visishikwe mpaka Ijumaa, saruji bado mbichi."

Jioni wakati wa chakula tukawatangazia wazee: vishikizo vipya hivyo msivishike. Mzee Bashiri akaacha kutafuna.

"Kishikizo kisichoshikwa ni cha nini?"

Tulicheka wote. Adinani ndiye aliyecheka kuliko sisi.

Jumatano niliingia saa kumi na mbili kama kawaida. Nilikuwa na haraka, shuka mpya ziko begani, kichwa kimejaa wakaguzi. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini.

"Nngoni," akasema, "leo nakufa mie."

"Ngoja wakaguzi waondoke kwanza. Ukifa sasa unanichafulia shuka."

"Nimeanguka bafuni, nilikwenda kutia udhu. Kichwa kimepiga ukuta."

"Pole kwa ukuta."

Akacheka. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke, kwamba alicheka. Alikuwa mtani, na mtani hawezi kumwacha mwenzake ashinde. Nafikiri hata kama paa lingemwangukia angelitafutia jibu. Lakini baada ya kucheka akasema tena, kwa sauti ya chini, "Leo sitanii." Na mimi nikamwambia, "Wala mimi sitanii, inuka nitandike."

Akainuka. Aliinuka kwa kushika bega langu, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko siku nyingine. Nikamvalisha kanzu nyeupe. Nilipomwekea kofia akakunja uso, akasema, "Polepole," nami nikamjibu kwamba kichwa cha Mmwera ni kigumu kuliko ganda la korosho, hakina haja ya polepole. Kofia ilikuwa inambana upande mmoja. Nikaivuta mpaka ikaingia.

Saa moja na nusu nikaenda kupiga deki bafuni. Kishikizo cha karibu na choo kilikuwa kinaning'inia upande mmoja, na chini palikuwa na punje za saruji na maji. Nilisimama pale na fagio mkononi. Sitasema sikufikiri. Wazo lilinijia, lote, kama mtu aliyeniita kwa jina. Halafu nikasikia honi getini, Adinani anapiga kelele kwamba gari la wakaguzi limefika, nikalisukuma wazo pembeni. Nilijiambia ni kazi mbovu ya Twaha. Nikakirudisha chuma mahali pake, nikasokota karatasi nikakazia tundu, nikapaka juu saruji iliyobaki kwenye ndoo, nikafagia.

Wakaguzi walikuwa wawili. Mama mwenye miwani alipita chumba kwa chumba na karatasi yake ya kutia alama. Bafuni aliviangalia vishikizo, akatia alama ya vema. Hakuvivuta. Akafungua daftari la matukio, akakuta kurasa nyeupe, akasema, "Hongereni." Kisha akainama kwa mzee Bashiri.

"Shikamoo mzee. Wanakutunza vizuri hapa?"

"Marahaba. Nngoni huyu ananiua," mzee akasema, akaninyooshea kidole.

Chumba kizima kilicheka. Mama mkaguzi aliuliza kama sisi ni watani, nikamwambia ndiyo, akaandika pembeni mwa karatasi yake kwamba uhusiano wa wahudumu na wazee ni mzuri sana. Niliyaona hayo maandishi kwa macho yangu. Nilifurahi, tena nilifurahi kitoto.

Baada ya hapo mzee akalala. Saa nne alikuwa amelala, saa sita amelala, chakula akakataa kwa kutikisa mkono. Nilipita mlangoni mara nyingi. Kila nikipita nilishukuru kwamba ametulia, maana kwa kawaida akiona wageni hanyamazi. Wakaguzi waliondoka saa tisa. Tulipiga makofi, Adinani akaagiza soda. Nilikuwa na chupa mkononi niliposikia Bibi Klementina anagonga ukuta kwa fimbo yake. Alisema jirani yake anakoroma vibaya, tena si mkoromo wake. Nilikwenda. Jicho moja lilikuwa wazi na lingine limefumba. Nilimwita, nikamtukana, nikamtukana matusi yote ya utani niliyokuwa nayo ili ajibu. Saa kumi jioni akakata roho, na bajaji niliyoita ilikuwa ndiyo kwanza inaingia getini.

Nilipomvua kofia nikaona uvimbe.

Nilimwambia Adinani kila kitu, hapohapo, mlangoni mwa ofisi yake.  Akasema, "Dada Skola, ukiandika hivyo wanatufungia kesho. Klementina ataenda wapi? Hana mtu. Na wale wa Ruponda, wale mapacha vipofu, nani anawachukua?" Hakuwa anatisha, alikuwa anauliza kweli. Akaandika yeye mwenyewe: amefariki usingizini, uzee. Nikatia sahihi yangu chini.  Ningependa kusema nilisita.

Alhamisi asubuhi na mapema tulimpeleka kwao kwa pikapu, mimi na Adinani mbele, mzee nyuma. Kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa mjini, kisha tukashika njia ya Mbwemkuru, Adinani hakuwasha redio. Mashambani ufuta ulikuwa umeshakatwa, umefungwa matita yamesimamishwa kukauka. Nilipanga maneno njia nzima. Nilijiambia nikifika tu nitamvuta Sikuzani pembeni nimwambie.

Sikuzani alinikumbatia kabla sijashuka vizuri. "Mtani wangu," alisema, "ahsante kwa kumrudisha mwenyewe." Nikashindwa.

Wanaume walimwosha. Walipomaliza mmoja wao, mzee Habibu, mdogo wake marehemu, alitoka uani akamnong'oneza Sikuzani. Niliwaona wakiniangalia. Sikuzani akaja moja kwa moja.

"Baba mdogo anasema kichwani kuna uvimbe. Mtani, wewe ndiye uliyekuwa naye. Alianguka?"

Adinani alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Nilisikia akiacha kupumua.

"Alilala," nikasema. "Alilala tu, akalala moja kwa moja."

Akaniamini. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia, "Basi kafa kifo chepesi, alhamdulillahi," akarudi barazani kwa wanawake wenzake. Ningekuwa na shimo ningejifukia kabla mzee hajazikwa.

Walipolitoa jeneza ndani, watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimesahau. Au niseme nilitamani wao wasahau. Kwenye msiba wa Mmwera, Mngoni hakai akajiinamia. Kazi yake ni kuzuia jeneza njiani, kumwigiza marehemu alivyotembea, alivyosema, alivyokula, mpaka wafiwa wacheke na kumpa chochote ndipo aachie njia. Msiba usio na mtani ni kama marehemu hakuwa na mtu nje ya ukoo wake. Tena mtani halii. Wanalia wenye msiba, yeye yupo pale ili waweze kupumzika kulia.

"Mtani!" mtu akaita. "Jeneza linaondoka hilo!"

Na Sikuzani, macho yamevimba, akanipungia mkono kutoka barazani. "Usimwache baba aondoke kimyakimya, Skola. Atakusema."

Nikasimama. Nikaenda kusimama katikati ya njia, mbele ya jeneza, nikatanua mikono. Wanaume wakasimama. Shehe alitazama saa yake, akakunja uso.

Nilianza na mwendo wake, vidole vya miguu nje, mkono mmoja nyuma. Wakaguna, wakaanza kucheka. Nikaigiza anavyolalamikia uji. "Nngoni, huu uji au maji ya kunawia?" Wanawake barazani wakapiga vigelegele vya kicheko. Mzee Habibu alikuwa anajifuta macho kwa ukosi wa kanzu. Nikawaonyesha siku ile aliyojifunika shuka akabana pumzi, na mimi nilivyokimbia, na hapo hata waliobeba jeneza walitikisika mabega.

Sijui nilikata shauri lini. Nadhani mdomo ulikata kabla yangu.

"Na jana!" nikasema. "Jana asubuhi mnajua aliniambiaje?" Nikakaa chini mavumbini kama alivyokaa ukingoni mwa kitanda. Nikatoa sauti yake. "Nngoni, leo nakufa mie. Nimeanguka bafuni. Kichwa kimepiga ukuta."

Wakacheka.

"Nikamwambia, pole kwa ukuta!"

Wakacheka zaidi. Mtu alipiga makofi. Nilimtafuta Adinani kwa macho, nikamwona kajishika kichwa. Sikuzani alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu tufike, mkono kifuani, anaegemea nguzo ya baraza. Alishuka, akaja mbele yangu akifungua kanga yake ya juu, akanivika mabegani kama zawadi ya mtani, akasema, "Inatosha, umefanya kazi yako, mpishe mzee." Wanaume wakainua jeneza vizuri.

Sikuondoka.

"Sitanii," nikamwambia.

Akacheka tena. "Najua. Na yeye alikuwa anasema hivyohivyo."

"Kweli alisema hivyo. Aliniambia leo sitanii, na mimi nikamwambia inuka nitandike. Kishikizo kilikuwa kimeng'oka, dada Sikuzani. Nilikiona. Nikakirudishia kwa karatasi."

Watu wa nyuma bado walikuwa wanacheka, walikuwa hawasikii vizuri. Wa mbele walicheka kidogo, wakingoja niendelee. Na mimi nikaanza kulia. Sikulia vizuri, nililia kwa kelele, kamasi zinanitoka, pale chini, nimevaa kanga ya mtoto wa marehemu. Niliona kicheko kikimtoka Sikuzani usoni, kwanza machoni, kisha mdomoni. Nyuma yake kikaisha mtu kwa mtu mpaka uani akasikika mbuzi tu.

Alichuchumaa mbele yangu.

"Alikwambia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Akafa saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

Sikuzani akahesabu kwa vidole. Alianza na kidole kidogo cha kushoto, akavikunja kimoja kimoja bila haraka, midomo inacheza, mpaka mikono yote miwili ikawa ngumi. Akaziangalia ngumi zake.

"Hospitali iko mbali na hapo kwenu?"

"Dakika kumi kwa bajaji."

Adinani alikuwa amesogea, anaanza kusema jambo kuhusu mipango ya Mungu. Mzee Habibu alimshika mkono akamnyamazisha. Nilingoja Sikuzani anipige. Nilitaka anipige, nisidanganye, nilimwinulia uso. Hakunipiga. Alinyoosha mkono akaichukua kanga yake mabegani mwangu, taratibu, kama mtu anayechukua kitu alichokisahau kwa jirani, akajitanda.

Kisha akasimama, akawapa wanaume ishara waendelee, akaniambia kwa adabu kabisa, kama mtu asiyenijua:

"Samahani, mama. Tunaomba njia."